Mtumishi Asiye na Jina: Hattie McDaniel na Hadhi ya Mhusika Msaidizi

Katika uhakiki wa sanaa za maonyesho, mhusika msaidizi aghalabu hutajwa kwa ufupi, kana kwamba wajibu wake ni kumfungulia mhusika mkuu mlango na kuondoka. Maisha ya Hattie McDaniel, mwigizaji Mmarekani mweusi, yanabainisha upungufu wa mtazamo huo, maana kwake kufungua mlango ndiko kulikokuwa sanaa na riziki.

McDaniel alizaliwa Wichita, Kansas, katika miaka ya 1890, na wazazi waliopata kuwa watumwa. Alikulia Colorado, akaimba na kuchekesha jukwaani, kisha akahamia Los Angeles mwaka 1931. Huko Hollywood, mwanamke mweusi hakutengewa ila nafasi ya mtumishi wa nyumbani. Hata hivyo, katika filamu ya Alice Adams (1935), mtumishi wake aliyekodiwa kwa karamu ya usiku mmoja anahudumu kwa uzito na uzembe unaoumbua majivuno ya waajiri wake. Kichekesho kinawageukia wenye nyumba.

Kilele cha kazi yake ni Gone with the Wind (1939), filamu iliyotokana na riwaya ya Margaret Mitchell. Mhusika wake huitwa Mammy tu. Hana jina la kuzaliwa wala ukoo. Huo ni usawiri wa mtumwa anayewapenda mabwana zake, picha ambayo Kusini mwa Marekani iliihitaji ili kujitakasa. Lakini katika onyesho la ngazini, Mammy anapomsimulia Melanie msiba wa kufiwa na mtoto, sauti ya McDaniel inabeba uchungu wa familia nzima, na kwa muda huo mhusika bapa anapata kina.

Filamu ilipozinduliwa Atlanta mnamo Desemba 1939, McDaniel hakuwapo, kwa kuwa sheria za Georgia ziliwatenga weusi. Tarehe 29 Februari 1940 alitunukiwa Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike, akiwa mtu mweusi wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Usiku huohuo alikuwa ameketishwa kwenye meza ya pembeni.

Walter White wa chama cha NAACP alizishinikiza studio ziache kuwasawiri weusi kama watumishi wa kuchekwa. Hoja yake ilikuwa na mashiko. Hata hivyo, lawama iliyomwangukia mwigizaji ilielekea kumsahau mwandishi wa mswada na mwenye studio, waliokuwa na uwezo wa kuamua. Isitoshe, mwaka 1945 McDaniel na majirani zake weusi walishinda mahakamani kesi iliyokusudia kuwafukuza katika nyumba zao mtaani Sugar Hill, Los Angeles. Aliyekubali kuvaa aproni mbele ya kamera hakukubali kunyang'anywa makao.

Alifariki mwaka 1952. Makaburi ya Hollywood alikotaka kuzikwa yalimkataa kwa rangi yake. Tuzo aliyoiachia Chuo Kikuu cha Howard ilipotea, na nyingine ikatolewa badala yake mwaka 2023. Inayosalia ni kazi ya mhakiki: kuipinga nafasi aliyopewa McDaniel bila ya kuudharau ufundi alioutia ndani yake. Atakayetimiza nusu moja tu ya wajibu huo atakuwa amemwacha Mammy bila jina kwa mara ya pili.