Amana ya Kapteni Ansari

Siku ya Krismasi ya mwaka 1941, gavana wa Hong Kong aliposalimu amri kwa Wajapani baada ya vita vya siku 18, miongoni mwa maelfu waliotiwa mikononi mwa adui alikuwamo kijana wa Kiislamu kutoka Hyderabad, Kapteni Mateen Ahmed Ansari, ofisa wa batalioni ya 5 ya Rejimenti ya 7 ya Rajput, kikosi kilichokaa nyuma upande wa bara kulinda migongo ya wenzao wakivuka kwenda kisiwani, kisha kikapokea pigo la kwanza usiku wa tarehe 18 Desemba, Wajapani waliposhuka ufuoni mwa kisiwa.

Wahindi walitengwa na mateka Wazungu, wala si kwa huruma: Wajapani walitaka kuwageuza wawe askari wao. Walipotambua kwamba Ansari ana nasaba na mtawala wa mojawapo ya dola kubwa za Uhindi, walijua kwamba neno moja lake lingevuta mamia. Wakamtaka aukane utiifu wake; akakataa. Mei 1942 wakamtia katika gereza la Stanley, wakamtesa hata mwezi wa Septemba, na alipotolewa alikuwa hawezi tena kutembea.

Hapa ndipo ninaposimama kila nikiikumbuka habari yake. Mtu aliyerudishwa kambini miguu yake imemkataa, lau angenyamaza tu, ni kadhi gani mwenye insafu angemlaumu? Naye, kinyume cha hayo, akaendelea kuwakanya askari wake wasihadaike, akatengeneza na njia za siri za kuwatorosha mateka. Wapo watakaouliza kwa nini Mhindi afe kwa ajili ya mfalme wa Kiingereza, ilhali nchi yake yadai uhuru wake. Swali hilo nalistahi. Lakini askari wale wenye njaa walikuwa amana mikononi mwake, na aliyewajia kuwanunua alikuwa ndiye yuleyule anayewanyima chakula.

Mei 1943 alisalitiwa, akarejeshwa Stanley, na kwa miezi mitano akashindishwa na njaa na kuteswa, wala azma yake isitikisike. Tarehe 29 Oktoba 1943 walitolewa watu zaidi ya 30, Wachina, Waingereza na Wahindi, na John Fraser, mwanasheria wa serikali ya koloni, akiwa miongoni mwao, wakapelekwa ufuoni karibu na gereza, na Ansari akakatwa kichwa kwa upanga.

Nishani ya Msalaba wa George alitunukiwa mwaka 1946, mwaka mmoja kabla ya Uhindi kujitawala. Amezikwa palepale Stanley, katika makaburi ya askari, mwendo mfupi kutoka baharini.