THE LORD OF THE RINGS KWENYE 4K: TUMEPATA NINI, TUMEPOTEZA NINI?

Wadau, kuna swali linarudi kila siku: filamu ya 2001 inakuwaje 4K wakati TV za 4K hazikuwepo? Wengine wanaamini ni janja ya kutuuzia kitu kile kile mara ya nne. Ukweli uko katikati.

Twende New Zealand kwanza. Peter Jackson alianza kushuti Oktoba 1999, akamaliza Desemba 2000, filamu zote tatu kwa mkupuo mmoja. Alitumia mkanda wa milimita 35, siyo kamera za dijitali. Sasa mkanda ule umebeba mambo mengi kuliko TV za enzi hizo zilivyoweza kuonyesha. Zile DVD tulizoziona kali zilikuwa na mistari 576 tu, na za Marekani 480. 4K ina 2160. Yaani utamu ulikuwepo muda wote, umelala kwenye mkanda unasubiri mashine.

Ila kuna mtego hapo. Gollum, majeshi ya maorki, yule Balrog, hawa hawakuwahi kusimama mbele ya kamera hivyo tunavyowaona. Walitengenezwa kwenye kompyuta za Weta, na shoti zao zikamaliziwa kwa 2K. Kwa hiyo hata uskani mkanda kwa mashine gani, shoti hizo zina pikseli zilezile za zamani, inabidi zikuzwe tu. Ndiyo maana kuna sehemu unaona kila uzi wa koti la Frodo, halafu shoti inayofuata picha inalegea. TV yako haina kosa.

Katikati hapo tulipita kwenye Blu-ray. Mwaka 2011 zilipotoka zile ndefu, The Fellowship of the Ring ikaja na ukijani mpaka kwenye theluji. Mashabiki walichachamaa, na mimi niko upande wao. Theluji ni nyeupe jamani!

Ndipo 2020 ikaja 4K, Jackson mwenyewe akiisimamia. Ukijani ukaondoka. Kwa HDR, giza la Moria likawa giza kweli na moto ukawaka kama moto. Kwenye rangi nampa maksi zote.

Shida ni kwamba alitaka hizi zifanane na The Hobbit za 2012 mpaka 2014, ambazo zilishutiwa kwa dijitali. Mkanda una chengachenga zake za asili, ndizo zinazofanya picha ionekane ina uhai. Hapa zimepunguzwa sana, na baadhi ya nyuso zimekuwa laini kama nta. Kusema mwongozaji ana haki na kazi yake ni sawa, lakini waliolipa kiingilio 2001 waliona picha tofauti, na mwaka 2021 hata Blu-ray mpya zikatolewa kutokana na kazi hiyohiyo ya 4K. Ile sura ya kwanza inazidi kuwa adimu.

Halafu boksi lile la 2020 halikuja na zile makala ndefu za jinsi filamu zilivyotengenezwa. Hizo ziko kwenye DVD ndefu za 2002 mpaka 2004. Kwa hiyo ukinunua 4K, zile DVD usimgawie mtu.