Mdororo si kila kushuka

Wawekezaji wa hisa za teknolojia wakikutana siku hizi, wakishazungumzia akili unde hugeukia mdororo: upo karibu au haupo? Neno linatokana na kitenzi dorora, yaani kuzorota. Biashara isiyo na wateja imedorora. Katika uchumi, hata hivyo, lina mipaka: ajira, mapato, uzalishaji na mauzo ya nchi nzima yapungue kwa miezi kadhaa. Wengi hutumia kipimo chepesi, pato la taifa kushuka kwa robo mbili za mwaka mfululizo.

Kwa hiyo bei za hisa zikiporomoka, hilo ni anguko la soko, si lazima liwe mdororo. Fahirisi ya Nasdaq, ya soko la hisa la Marekani, ilifika kileleni Machi 2000, kisha ikaanguka. Mdororo wa Marekani ulianza Machi 2001, na NBER, taasisi inayoweka tarehe za midororo ya nchi hiyo, iliutangaza Novemba, mwezi ambao baadaye ilisema ndio uliokuwa mwisho wake.

Anayesema “mdororo unakuja” anabashiri. Anayesema “tumo kwenye mdororo” atuonyeshe takwimu. Hisa zikishuka, tuandike tu kwamba zimeshuka.