Mwanga wa jukwaa: tupime wati kwanza

Bandugu, hapa kwetu Kamina konseri ndogo inaanza na sauti ya grupu, gitaa inafuata. Ju ya nini? Mwaka 1982 laini ya Inga–Kolwezi ilizinduliwa: kilomita karibu 1700, ju ya kulisha migodi ya shaba. Umeme wake unakwenda upande mmoja tu. Kuushusha njiani kunadai stesheni ya kuugeuza, na bei yake ni kubwa. Basi vijiji vya njiani viliona nguzo tu.

Projekta za zamani, zile PAR 64, nyingi zilikula wati 1000 kila moja. Nne ni wati 4000, karibu ampea 18 kwa volti 220. Grupu ya wati 800 haiwashi hata moja.

Msaada ulitoka Japani. Akasaki, Amano na Nakamura walitengeneza LED ya bluu yenye nguvu, ikafungua njia ya LED nyeupe. Wakapata Nobel 2014. Leo projekta nne za wati 50 ni wati 200 tu.

Lakini waya ni ule ule. Siku moja niliunga projekta, ampli na frigo kwenye ralonji moja nyembamba, bado imezungushwa. Plastiki iliyeyuka, watoto wakicheza pembeni. Mimi niliyesoma kupima mbolea, sikupima umeme!

Basi jumlisha wati, gawa kwa 220, chagua waya unaotosha, uukunjue wote. Halafu gitaa ilie.