Ubongo, Mto na Madini Joto

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama anunue Semax, ile peptidi iliyobuniwa Moscow miaka ya 1980: asidi amino 7 zilizoungwa maabara kwa kuiga kipande cha homoni ya mwili, zidondoshwazo puani ili, kama wasemavyo wauzaji, akili ichangamke. Urusi huwapa wagonjwa wa kiharusi. Kwa kijana mzima ushahidi ni haba. Nilimjibu kwa habari za mto.

Ruaha Mkuu, uliozuiwa pale Mtera, hushuka kutoka nyanda za juu kusini, ambako mvua za karne nyingi zimeosha madini joto udongoni. Huko rovu shingoni lilizoeleka. Hatari kubwa zaidi haikuonekana: madini hayo yakipungua, mwili hushindwa kutengeneza vya kutosha homoni inayojenga ubongo wa mtoto tumboni.

Kuanzia mwaka 1986 hadi katikati ya miaka ya 1990, vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi nchini. Mwaka 2009 Erica Field na wenzake walichapisha hesabu kwamba watoto waliokingwa hivyo tumboni walisonga mbele zaidi shuleni, hasa wasichana. Watafiti wengine wameipinga hesabu hiyo, na mimi naufurahia ubishi huo. Kinga yetu ya ubongo walau inapimwa hadharani.

Baadaye kazi ya vidonge ikachukuliwa na chumvi yenye madini joto. Lakini chumvi ya mawe isiyotiwa kitu bado hufika magulioni, tena kwa bei nafuu.