Programu huria za hifadhidata: Ni nani huzitengeneza, na zina umuhimu gani Arua na Koboko?

Kila mwezi vituo vya afya nchini Uganda, vikiwemo vya Arua na Koboko, hujumlisha idadi ya wagonjwa wa nje waliohudumiwa na kuijaza katika fomu ya Wizara ya Afya iitwayo HMIS 105. Takwimu hizo huingizwa katika mfumo wa kompyuta wa DHIS2, ambao Uganda iliueneza nchi nzima mwaka 2012, mwaka mmoja baada ya Kenya. Takwimu hizo husaidia kupanga ugavi wa dawa na chanjo, na kutambua mapema dalili za mlipuko wa ugonjwa.

DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, ni programu huria. Maana yake ni kwamba maelekezo yanayoiendesha, yaani msimbo wake, yako wazi: mwenye ujuzi anaruhusiwa kuyasoma, kuyatumia na kuyarekebisha bila kulipia leseni. Takwimu zenyewe hukaa ndani ya programu nyingine huria, PostgreSQL, ambayo ni hifadhidata.

Hifadhidata hufanya kazi gani?

Hifadhidata ni ghala la taarifa zilizopangwa kwa namna inayowezesha kuzipata haraka na kuzilinda zisipotee wala kugongana. PostgreSQL ilitokana na mradi ulioanzishwa mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kupewa jina lake la sasa mwaka 1996. Haimilikiwi na kampuni yoyote.

Faida yake huonekana zaidi mahali ambapo umeme si wa kutegemewa. Kwa miaka mingi eneo la West Nile lilikuwa nje ya gridi ya taifa, likitegemea jenereta na, tangu mwaka 2012, bwawa dogo la Nyagak karibu na Paidha. Iwapo umeme utakatika wakati taarifa inaandikwa, ghala lisilo na kinga linaweza kubaki na rekodi nusu. Ndiyo maana tangu mwaka 2001 PostgreSQL huandika kwanza kila badiliko katika kumbukumbu maalumu kabla ya kuligusa ghala lenyewe. Umeme ukirudi, programu husoma kumbukumbu hiyo na kukamilisha yaliyokuwa yamethibitishwa.

Kazi ya mtengenezaji

Mtu anayetaka kushiriki haombi ruhusa ya ajira. Huchukua msimbo, huujaribu katika kompyuta yake, na akigundua hitilafu huieleza hadharani. Akiweza, hutuma rekebisho. Watengenezaji wengine hulisoma, hulihoji na mara nyingi hulirudisha zaidi ya mara moja. Ni wachache tu, walioaminiwa baada ya kazi ya miaka, wenye mamlaka ya kuliingiza katika msimbo mkuu. Kwa anayeanza, njia inayoshauriwa ni kukagua marekebisho ya wengine, kuandika maelezo ya matumizi, au kutafsiri maneno yanayoonekana kwenye skrini.

Huria haimaanishi kwamba kazi hii haina malipo. Wengi wa watengenezaji wakuu wa hifadhidata wameajiriwa na kampuni zinazozitegemea. Kwa wapya, Google huendesha tangu mwaka 2005 mpango wa Summer of Code, unaowalipa posho washiriki wanaofanyia kazi miradi huria wakiwa makwao. Tangu mwaka 2022 mpango huo haukubali wanafunzi pekee.

Leseni ndiyo kinga ya jitihada hizo. Hifadhidata ya MySQL ilipoelekea kumilikiwa na kampuni ya Oracle, mwanzilishi wake Michael Widenius alichukua msimbo ule ule mwaka 2009 na kuanzisha MariaDB. Watumiaji hawakuachwa bila njia.

Mizizi ya Afrika Mashariki

Mfano ulio karibu zaidi ni OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa unaotumia MySQL au MariaDB. Wazo lake lilizaliwa mwaka 2004, baada ya madaktari kutoka Indiana, Marekani, kuona mahitaji ya kliniki za UKIMWI mjini Eldoret, Kenya. Ulianza kutumika huko mwaka 2006. Toleo lake la Uganda, UgandaEMR, hutumiwa katika kliniki za tiba ya virusi vya UKIMWI.

Mazingira hayo yameacha alama ndani ya programu yenyewe. Katika OpenMRS, karani anaweza kuonyesha kwamba tarehe ya kuzaliwa ya mgonjwa ni ya kukadiria. Hilo lina uzito wilayani Koboko, inayopakana na Sudan Kusini na Kongo, na yenye makazi ya wakimbizi ya Lobule. Mgonjwa aliyevuka mpaka huenda hana cheti cha kuzaliwa. Jina lake laweza kuandikwa kwa tahajia moja Oraba na nyingine Arua, na mtu mmoja akageuka wagonjwa wawili. Mtengenezaji aliyekulia eneo hilo huliona tatizo kama hilo kabla halijaleta madhara.

Msimbo wazi, siri za wagonjwa

Uwazi unahusu programu, si taarifa za watu. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda data na faragha inamtaka anayehifadhi taarifa binafsi azilinde, iwe programu yake ni huria au ya kununuliwa.

Nafasi ya vijana wa West Nile

Mkoa huu una mahali pa kuanzia. Chuo Kikuu cha Muni, chuo cha umma kilichoko Arua, kilifunguliwa mwaka 2013 na hufundisha mifumo ya habari na teknolojia yake. Vikwazo vinavyobaki ni gharama ya intaneti, umeme, na muda mrefu wa kujifunza kabla ya malipo.

Lugha nayo ni nafasi. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, lakini fomu na skrini nyingi bado ni za Kiingereza. Katika programu huria, mzungumzaji wa Kiswahili wa Koboko hahitaji kusubiri kampuni iamue kumtafsiria. Anaweza kuianza kazi hiyo mwenyewe, na tafsiri ikikubaliwa ikawafaa pia wa Kigoma, Mombasa na Bunia.