Uwanja wa Mpira na Malezi ya Vijana: Funzo la Kongo

Husemwa mara nyingi shuleni kwamba mchezo wa timu hujenga tabia ya kijana. Kauli hii hukubaliwa bila kuhojiwa, na kwa sababu hiyo yastahili kupimwa kwa mizani ya historia.

Imani yenyewe ilikomaa katika shule za bweni za Uingereza katika karne ya 19. Aghalabu hutajwa Thomas Arnold, aliyekuwa mkuu wa shule ya Rugby tangu 1828 hadi 1842. Hata hivyo, Arnold alijali zaidi mahubiri, masomo na uongozi wa wanafunzi wakubwa kuliko mpira. Sifa hiyo alivikwa baadaye, hasa baada ya mwanafunzi wake wa zamani, Thomas Hughes, kutoa riwaya yake juu ya maisha ya Rugby mwaka 1857. Tangu hapo walimu wengi waliamini kuwa uwanjani ndiko kijana hujifunza ushujaa, utii na kushindwa bila kinyongo.

Fikra kama hizo zilifika Kongo ya Kibelgiji pamoja na wamisionari. Mjini Leopoldville, yaani Kinshasa ya leo, Padre Raphaël de la Kethulle aliunda chama cha michezo cha Wakongo mwaka 1919. Mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, watawa Wabenedikto walianzisha mwaka 1939 timu iliyokuja kuitwa Mazembe, ili wanafunzi wao wapate shughuli ya kufaa. Wakoloni nao waliuona mpira kuwa kinga dhidi ya uzembe na njia ya kuwazoeza vijana nidhamu.

Je, makusudi hayo yalitimia? Kwa sehemu, ndiyo. Katika mji ule wa migodi, ambako watu wa makabila mengi walielewana kwa Kiswahili, mpira nao uliwakutanisha waliokuwa wageni wao kwa wao. Lakini ajifunzaye umoja hauachi langoni mwa uwanja. Mwezi Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, na tarehe 9 walikusanyika katika uwanja wa mpira. Askari waliwapiga risasi, wakafa makumi ya watu, akiwamo msemaji wao Léonard Mpoyi. Tena, tarehe 4 Januari 1959, maelfu ya watazamaji waliotoka katika uwanja mkubwa wa Leopoldville waliungana na wafuasi wa chama cha ABAKO waliokuwa wamezuiwa kufanya mkutano wao, na ghasia zikautikisa utawala wa Wabelgiji. Uwanja huo ndio uitwao leo Tata Raphaël, kwa jina la padre yule yule.

Hatusemi kwamba mpira ndio uliozaa migomo na ghasia. Zilizaliwa na ujira mdogo na kunyimwa haki. Tusemalo ni hili: mchezo hufunza watu kushikamana, wala haumchagulii mtu atashikamana na nani, wala kwa ajili gani.

Mfano wa tatu ni wa baada ya uhuru. Mwezi Machi 1974 timu ya taifa, ambayo wakati huo iliitwa Zaire, ilitwaa Kombe la Afrika nchini Misri. Mwezi Juni mwaka huo huo ilicheza Kombe la Dunia katika Ujerumani Magharibi, ikiwa ya kwanza kutoka kusini ya Sahara. Huko wachezaji walipata habari kwamba fedha walizoahidiwa hawatazipata, na Yugoslavia ikawafunga 9–0. Katika mchezo na Brazil, beki Mwepu Ilunga alichomoka katika ukuta wa wenzake na kuupiga mbali mpira wa adhabu kabla Wabrazil hawajaupiga. Kwa miaka mingi alichekwa kuwa hakujua sheria. Baadaye alieleza kwamba alizijua vema, na kwamba alifanya vile kwa makusudi, kwa hasira ya jinsi walivyotendewa.

Kikosi kilikuwa kile kile kwa sehemu kubwa, na mchezo ni ule ule. Katika miezi mitatu ile tabia ya watu wale haikuoza. Kilichovunjika ni ahadi ya wakubwa wao.

Hapa ndipo historia inapotuhusu sisi walimu. Mpira peke yake hauna tabia ya kumpa mtoto. Kijana huitazama haki inayotendeka pembeni mwa uwanja: nani amechaguliwa kuwa nahodha, nani amewekwa akiba kila juma bila sababu, na kama mwalimu mwenye filimbi humwadhibu pia mwana wa mkubwa. Akiona upendeleo, hujifunza upendeleo, hata timu yake ikirudi na kikombe. Akiona haki, atajifunza haki, hata kama timu yake imefungwa.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Basi na atazame kwanza mkono wake, yeye akunjaye.